Maisha ya Abebe Bikila, Mkimbiaji wa Uhabeshi

Katika nchi yetu hii, tangu Shinyanga na Kahama hata Geita na vijiji vya machimbo ya dhahabu, mtu hujulikana kwa kazi ya viungo vyake. Yuko ajulikanaye kwa jembe lake. Yuko ajulikanaye kwa baiskeli yake siku ya mashindano. Yuko mcheza ngoma wa Bagika au wa Bagalu ambaye watu hutoka mbali kuja kumtazama. Yuko naye kijana ashukaye katika duara kwa kamba, na kupanda tena na mfuko wa mawe begani. Nguvu zake ndizo jina lake. Lakini siku moja kifusi huanguka, au gari hupinduka, na kijana yule huletwa nyumbani juu ya machela, mgongo umevunjika. Siku za kwanza nyumba hujaa watu. Baada ya miezi michache njia ya kwenda kwake huota majani. Naye hulala akitazama dari, akijiuliza neno moja: Ikiwa nilikuwa mtu kwa ajili ya miguu yangu, sasa mimi ni nani?

Swali hilo si la watu wa kwetu peke yao. Alikuwako mtu mmoja wa Afrika aliyesifiwa duniani kote kwa ajili ya miguu yake, naye akanyang'anywa miguu hiyo kwa usiku mmoja. Jina lake ni Abebe Bikila, mtu wa Uhabeshi, nchi ambayo siku hizi twaiita Ethiopia. Wengi wamesikia habari za ushindi wake. Si wengi wajuao miaka yake minne ya mwisho, nayo ndiyo iliyo na mafundisho makubwa kwetu. Basi tutaeleza habari zake tangu mwanzo hata mwisho.

1. Kuzaliwa kwake na ujana wake

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, upande wa Shewa, katika nchi ya milima na baridi. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba na mifugo. Alipokuwa mtoto wa miaka mitatu tu, majeshi ya Waitalia yaliingia Uhabeshi mwaka 1935, na mwaka uliofuata wakautwaa mji mkuu, Addis Ababa. Kaisari Haile Selassie akakimbilia Uingereza. Watu wengi wakahama makwao, na nyumba ya Abebe ikahama pia. Waitalia walitawala hata mwaka 1941, ndipo walipofukuzwa na Kaisari akarudi.

Kijana Abebe akakua kama vijana wa kwetu wakuavyo, akichunga mifugo na kupanda na kushuka vilima. Alipenda sana mchezo uitwao gena, ambao Wahabeshi huucheza wakati wa Noeli kwa fimbo na mpira wa mti, na lango huwa mbali sana, hata mchezaji hana budi kukimbia mbio ndefu. Hakuna aliyemfundisha kukimbia siku zile. Nchi yenyewe ilikuwa mwalimu wake.

Yapata mwaka 1952 akaingia katika jeshi la walinzi wa Kaisari. Siku zile alikuwa akikimbia toka vilima vya Sululta mpaka Addis Ababa, mwendo wa kilometa 20, na kurudi tena.

2. Mwalimu wake

Serikali ya Uhabeshi ilikuwa imemwajiri mtu mmoja wa Sweden, Onni Niskanen, ili awazoeze askari wa Kaisari michezo. Huyo ndiye aliyemtambua Abebe miongoni mwa wengi. Akamfundisha kuweka mikono yake vizuri, kupima nguvu zake, kutokwenda haraka mno mwanzoni, na kukimbia siku nyingine mbio fupi na siku nyingine mbio ndefu. Abebe alikuwa mtu mwembamba, mkimya, asiyeonyesha usoni yaliyomo moyoni. Mwezi wa Machi 1960 alimwoa Yewebdar Wolde-Giorgis, nao wakapata watoto wanne.

Mwaka huo huo Niskanen akamchagua aende Roma, kwenye Michezo ya Olimpiki, ashindane katika mbio za marathoni. Mbio hizo ni za kilometa 42 na mita 195. Mtu wa kawaida akienda kwa miguu mwendo huo, hutoka alfajiri na kufika alasiri akiwa amechoka sana.

3. Mbio za Roma

Tarehe 10 Septemba 1960, saa 11 na nusu jioni, wakimbiaji 69 walisimama chini ya kilima cha Kapitolini. Hakuna aliyemwangalia askari yule wa Uhabeshi, isipokuwa wale waliomcheka kwa sababu hakuwa na viatu. Viatu alivyopewa vilimchubua, naye alikwisha kuzoea kukimbia peku. Basi yeye na mwalimu wake wakaazimu kwamba akimbie peku.

Jua likachwa. Njia ya kurudi mjini ilikuwa ile njia ya kale ya Apio, ambayo Mtume Paulo aliipita alipopelekwa Roma hali amefungwa. Askari wa Kiitalia walisimama kandokando wakishika mienge, ili wakimbiaji waone njia. Watu wawili wakawaacha wengine wote: Abebe, na Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko. Wakaenda pamoja muda mrefu.

Palikuwa na kitu karibu na mwisho wa njia ambacho Abebe alikiangalia. Ni nguzo ya jiwe, kwenda juu yapata mita 24, iliyochongwa na Wahabeshi wa kale katika mji wa Axum. Waitalia waliichukua mwaka 1937 wakaisimamisha Roma kuwa alama ya ushindi wao. Nguzo hiyo ilirudishwa Uhabeshi mwaka 2005, lakini usiku ule ilikuwa ingali Roma. Yasemwa kwamba Abebe na mwalimu wake walikwisha kuitazama mapema na kuifanya kuwa alama: akiifikia, na aongeze mbio. Alipoifikia akaongeza mbio, na mtu wa Moroko hakumweza. Akafika penye Tao la Konstantino peke yake, kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Muda huo ulikuwa mfupi kuliko wa mtu ye yote aliyepata kukimbia marathoni, ingawa ulipita ule wa zamani kwa kadiri isiyofika sekunde moja.

Hivyo askari ambaye nchi yake ilitekwa na Waitalia alipokuwa mtoto, alishinda katika mji mkuu wa Waitalia. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza wa Afrika kupata dhahabu ya Olimpiki akiwa ameitwa kwa jina la nchi yake mwenyewe ya Afrika. Kaisari akampandisha cheo na kumpa nishani.

Siku nane baada ya usiku ule, katika mji ule ule wa Roma, michezo mingine ilifunguliwa. Watu wapatao 400 wa nchi 23 waliingia uwanjani wakiwa katika viti vya magurudumu. Walikuwa watu waliovunjika uti wa mgongo vitani, kazini, au barabarani. Abebe, kama wengi wa dunia, hakuwa na neno nao. Msomaji na aiweke habari hii moyoni, maana tutairudia.

4. Tokyo, na mtu wa tatu

Mwezi wa Desemba 1960 wakubwa wa jeshi la walinzi walimwasi Kaisari, lakini uasi ukashindwa. Abebe hakuwamo katika shauri lile. Alikamatwa kwa muda kidogo, akaulizwa, akaachiliwa. Mwaka 1961 akashinda marathoni tatu, za Athens, Osaka na Košice. Mwaka 1963 akakimbia Boston huko Marekani, akawa wa tano.

Michezo ya Tokyo ilikuwa mwezi wa Oktoba 1964. Mwezi wa Septemba Abebe akashikwa na ugonjwa wa kidole tumbo, akapasuliwa. Watu wakasema hataweza kukimbia. Hata hivyo akaenda, safari hii akivaa viatu, na tarehe 21 Oktoba akashinda kwa muda wa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akimtangulia wa pili kwa dakika nne na zaidi. Alipokwisha kufika hakuanguka chini kama wengine, bali alijinyosha viungo vyake juu ya majani, kana kwamba ametoka matembezini. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Aliporudi nyumbani Kaisari alimpandisha cheo tena, naye akapata gari dogo jeupe la Volkswagen kuwa lake mwenyewe.

Hapa hatuna budi kumtaja mtu mwingine. Aliyekuwa wa tatu siku ile ni askari wa Japani, Kokichi Tsuburaya. Aliingia uwanjani akiwa wa pili, mbele ya watu wa nchi yake, na hapo hapo uwanjani Basil Heatley wa Uingereza akampita. Tsuburaya aliona kwamba amewaaibisha watu wake, akaazimu kulipa deni hilo Mexico mwaka 1968. Lakini mgongo wake ukaugua, akapasuliwa, na mbio zake za kwanza hazikurudi. Mwezi wa Januari 1968 alijiua, umri wake miaka 27. Hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Alikuwa mtu asiyeona tena sababu ya kuwa hai, kwa kuwa miguu yake haikuweza tena kufanya kile ambacho kwa hicho alihesabiwa kuwa mtu. Tumemtaja ili ijulikane kwamba swali tuliloanza nalo si la mchezo. Laweza kuua.

5. Miguu yaanza kukataa

Miguu ya Abebe nayo haikukaa vilevile siku zote. Mwaka 1967, katika mbio za Zarautz huko Hispania, aliumia msuli wa paja akaacha njiani. Tangu siku ile hakumaliza tena marathoni hata moja. Mwaka 1968 akapelekwa Ujerumani kutibiwa miguu, kisha akaenda Mexico kushindana mara ya tatu. Alikuwa na umri wa miaka 36. Wakampa namba 1 kifuani kwa heshima.

Tarehe 20 Oktoba 1968 mbio zikaanza. Mji wa Mexico u juu sana, mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, na wengi walidhani kwamba mtu wa milima ya Uhabeshi atashinda tena. Lakini goti lake la kulia lilimwuma, na alipofika yapata kilometa 17 akatoka njiani. Ndugu yake Mamo Wolde, askari mwenzake wa jeshi la walinzi, akaendelea akashinda.

Siku ile ile, katika mbio zile zile, alikuwako mtu wa nchi yetu, John Stephen Akhwari wa Mbulu. Alianguka akaumia goti vibaya. Wakamfunga kitambaa, naye akaendelea kwa kuchechemea, hata akafika uwanjani giza limekwisha kuingia na watu wengi wamekwenda zao. Alikuwa wa mwisho katika 57 waliomaliza, kwa muda wa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Twasema habari hii kwa furaha, kwa kuwa ni mtu wa kwetu. Lakini tusimhukumu Abebe kwa ajili yake. Mtu mmoja aliumia akamaliza, na mwingine aliumia akaacha. Wote wawili walikuwa na maumivu, na hakuna ajuaye kipimo cha maumivu ya mwenziwe. Kaisari mwenyewe hakumdharau Abebe. Aliporudi alimpandisha cheo akawa kapteni.

6. Usiku wa ajali

Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 Abebe alikuwa akiendesha lile gari dogo. Gari likamshinda, likapinduka, naye akabanwa ndani. Walioandika habari zake hawapatani katika sababu. Wengine wasema alitaka kukwepa gari lililokuja kwa kasi. Wengine wadhani alikuwa amekunywa pombe. Lililo yakini ni kwamba alilala mle ndani usiku kucha, asiweze kujitoa, na watu wakamtoa asubuhi yake.

Tazama jinsi mambo ya mwanadamu yalivyo. Gari alilolipata kuwa tunzo la miguu yake ndilo lililomwondolea miguu yake.

Shingo na uti wa mgongo viliumia. Hakuweza kusogeza mguu wala mkono. Mtu aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, hakuweza kumfukuza inzi usoni pake. Wakamtibu kwanza katika hospitali ya jeshi la walinzi, na baada ya juma moja wakampeleka Uingereza, kwenye hospitali ya Stoke Mandeville.

7. Hospitali ya Stoke Mandeville

Yafaa tueleze kidogo habari za hospitali hiyo, maana wengi wa kwetu hudhani kwamba aliyevunjika uti wa mgongo hana la kufanyiwa ila kungojewa afe. Hata Ulaya watu walidhani hivyo zamani. Wagonjwa wa namna hii walikuwa wakifa upesi, wala si kwa kuvunjika kwenyewe, bali kwa vidonda vya kulala upande mmoja na kwa ugonjwa wa kibofu na mafigo.

Alikuwako daktari Myahudi, Ludwig Guttmann, aliyekimbia Ujerumani mwaka 1939 kwa sababu ya maadui wa taifa lake, akapokewa Uingereza. Mwaka 1944 wakampa nyumba ya wagonjwa wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville. Akaamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili vidonda visitoke. Akaamuru kibofu kiangaliwe kwa usafi. Tena hakuwaacha walale tu. Aliwapa kazi za mikono na michezo, kwa kuwa aliona kwamba mgonjwa aliyekata tamaa hufa hata kama vidonda vimepona. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ilipofunguliwa London, aliwakusanya watu 16 katika viti vya magurudumu, wanaume 14 na wanawake 2, wakashindana kulenga shabaha kwa upinde na mishale. Kutokana na mashindano hayo madogo ilitoka ile michezo ya Roma ya mwaka 1960 tuliyoitaja, iliyofuata siku nane baada ya ushindi wa Abebe.

Basi Abebe akaletwa miongoni mwa watu wale ambao zamani hakuwa na neno nao. Akakaa Stoke Mandeville muda wa miezi minane. Malkia Elizabeth alifika kumwangalia, na barua za pole zilitoka pande zote za dunia. Lakini barua haziwezi kumgeuza mtu kitandani, wala malkia hakai usiku. Kazi kubwa ilikuwa ya siku zote: kugeuzwa, kuoshwa, kujaribu kidole, kujaribu mkono. Polepole mikono yake ikarudiwa na nguvu. Miguu haikurudi. Hakutembea tena hata siku ya kufa kwake.

Mtu aliyezoea kuushinda uchovu kwa bidii, hapa alikutana na kitu kisichoshindwa kwa bidii. Mkimbiaji akiumwa, hujiambia avumilie hata mwisho wa njia. Lakini njia hii haikuwa na mwisho ule, wala tao la kupita chini yake. Hilo ndilo lililokuwa jaribu lake kuu kuliko Roma na Tokyo.

8. Upinde na mishale

Abebe alikuwa Mkristo wa Kanisa la kale la Uhabeshi. Watu walipomwuliza habari za msiba wake, alijibu kwamba ushindi wake ulikuwa mapenzi ya Mungu, na ajali yake kadhalika. Naye kwa kuwa aliyapokea yale ya kwanza, imempasa kuyapokea na haya, na kuishi kwa furaha. Ni rahisi kusema neno kama hilo mtu akiwa mzima. Yeye alilisema akiwa katika kiti cha magurudumu, na matendo yake yakalithibitisha.

Maana hakubaki nyumbani akitazama nishani zake. Mwezi wa Julai 1970 alirudi Uingereza, akashindana katika michezo ya Stoke Mandeville kwa upinde na mishale, na kwa tenisi ya meza. Mwaka 1971 akaenda Norway kwenye michezo ya watu wenye ulemavu, akashindana tena, na huko akashinda mbio za kiti cha kutelezesha juu ya theluji, yeye mtu wa Afrika.

Msomaji na afikiri jinsi jambo hili lilivyo gumu. Kapteni Abebe alikuwa mshindi wa dunia, na sasa alikuwa mwanafunzi. Ilimpasa kushika upinde kama mtoto anayejifunza, na kukosa shabaha mbele ya watu. Ilimpasa kukaa pamoja na watu ambao hawakuwa na jina, na kuwahesabu kuwa wenzake. Mashindano yale hayakuwa ya kumpa sifa kama ya Roma. Angeweza kuyakataa kwa heshima ya jina lake la kwanza, wala hakuna mtu ambaye angemlaumu. Yeye aliona kwamba jina lile la mkimbiaji ni vazi tu, alilovikwa na watu. Mwenye vazi alikuwa angali hai, na alikuwa na mikono miwili na siku za kuishi.

Hatusemi kwamba hakuhuzunika. Hakuna mtu aliyepata kukimbia kama yeye awezaye kukaa bila kuikumbuka miguu yake. Twasema tu kwamba huzuni haikumfunga nyumbani.

9. Mwisho wake

Mwaka 1972 wakuu wa Olimpiki walimwalika Munich, Ujerumani, kuwa mgeni wa heshima. Alipoingia katika kiti chake, watu waliojaa uwanja wakasimama wakampigia makofi. Mbio za marathoni alishinda Frank Shorter wa Marekani, na Mamo Wolde akawa wa tatu; baadaye Shorter akaja kumshika mkono Abebe. Hivyo aliyeshinda mara mbili aliketi akatazama wengine wakikimbia njia yake, naye akapokea mkono wa mshindi mpya.

Tarehe 25 Oktoba 1973 Abebe akafa Addis Ababa kwa damu kuvuja katika ubongo, jambo lililotokana na ile ajali. Alikuwa na umri wa miaka 41. Makumi ya maelfu ya watu walimsindikiza kaburini pamoja na heshima za kijeshi, naye Kaisari Haile Selassie alihudhuria na kuamuru siku ya maombolezo kwa nchi yote. Haukupita mwaka mmoja kamili, Kaisari mwenyewe akaondolewa katika kiti chake, mwezi wa Septemba 1974. Hivyo twaona kwamba si mkimbiaji peke yake awezaye kunyang'anywa kwa ghafula kile ambacho watu humwita kwa hicho. Uwanja mmoja wa michezo mjini Addis Ababa waitwa kwa jina la Abebe, na mwaka 1996 binti yake Tsige alitoa kitabu cha maisha ya baba yake.

10. Yatufaayo sisi

Ndugu wasomaji, hasa ninyi walimu wa Injili na wazee wa kanisa mwendao nyumba kwa nyumba, maisha haya yatufundisha mambo matatu.

La kwanza, tuangalie majina tunayowapa watu. Kijana wetu wa machimboni akiwa mzima twamwita hodari. Akivunjika mgongo twamwita kiwete, na jina la baba yake twalisahau. Lakini majina yote mawili ni ya miguu. Jina lake halisi ni lile alilopewa alipozaliwa na alipobatizwa, na hilo halikuanguka pamoja na kifusi.

La pili, tusiende kwake kwa maneno matupu. Tumewaona wengi wakiwaambia wagonjwa wapokee mapenzi ya Mungu, kisha wakaenda zao wasirudi. Abebe aliyapokea mambo yake, ni kweli, lakini aliyapokea akiwa na watu wa kumgeuza usiku, kumwosha, na kumfundisha upinde. Nani atamgeuza wa kwetu? Mkewe amechoka, na mama yake ni mzee. Kushika zamu nyumbani kwa mgonjwa, kumgeuza kila baada ya saa mbili, na kuangalia ngozi yake isitoke vidonda, si kazi ya kuwaachia waganga tu. Mtu mwenye mikono miwili na moyo wa subira aweza kuifanya, akiisha kuonyeshwa na wauguzi. Tena mtu akisema kwamba haoni sababu ya kuishi, tusimkemee wala tusimwache peke yake. Tumkumbuke Tsuburaya wa Japani.

La tatu, tumpe kazi. Mikono ikiwa mizima, aweza kushona nguo au viatu, kutengeneza baiskeli za wenzake, kutunza hesabu za chama cha wachimbaji, kufundisha watoto kusoma. Asipewe kwa huruma kama mtu anayetupiwa mfupa, bali apewe kama mtu ambaye kazi yake yatakiwa. Mwanzo atakosea, na hilo si neno. Yule aliyewashinda watu wote wa dunia kwa mbio naye alianza upya, akakosa shabaha, akaokota mishale yake, akalenga tena.